Kasha la Kufungwa kwa Kidole

Watu wanaochora makasha ya kompyuta wana tabia moja inayonichosha: kwenye mchoro hawaweki nyaya. Mazabodi, ule ubao unaobeba vyote, ipo, kadi ya picha ipo, feni zipo, kila kitu kimekaa mahali pake kwa adabu, na katikati yake kuna nafasi tupu, nyeupe, ya kupendeza macho. Kisha mchoro unashuka ghorofa ya chini, kwangu, nami napewa fungu la nyaya nene zenye vichwa vya plastiki na kuambiwa, "Hsiang, panga." Nipange wapi? Kwenye nafasi ya nani?

Kwa hiyo siku Jui-chen aliponiletea sampuli ya kwanza ya kasha lake dogo, la ujazo wa lita tisa, sikulisifu. Nililigeuza, nikafungua mfuniko wa ubavu wa nyuma, ule ambao mteja haoni na ndiko uchafu wote hufichwa, nikapenyeza vidole kati ya bati na bati. Viwili vikaingia kwa shida.

"Hapa utapita upepo," nikamwambia. "Nyaya hazipiti."

"Zitapita, Shangazi."

"Wewe umeshazipitisha?"

"Bado."

"Basi usiseme zitapita. Sema unaomba zipite."

Akacheka. Jui-chen, anayeniita Shangazi kwa heshima tu, ni binti wa Bosi Peng, na karakana ya Bosi Peng hapa Sanchong, kando ya Taipei, ndiyo iliyonilisha tangu nikiwa msichana. Namjua huyu mtoto tangu alipokuwa akifanya kazi zake za shule juu ya mabati yaliyopangwa, akitoka na alama za mafuta ya mashine kwenye sketi. Alikwenda kusomea uchoraji wa bidhaa, akarudi na kompyuta yake na usingizi wake mdogo, akawa anachora usiku kucha kasha dogo ambalo hakuna mtu aliyemwagiza.

Nisimlaumu baba yake. Miaka mingi tulikunja bati la makasha makubwa yaliyouzwa kwa majina ya wengine, kisha kazi ile ikahama, ikavuka bahari, ikaenda kwa wanaoifanya kwa bei nafuu. Tukabaki na mifuniko ya mifereji na rafu za stoo. Mzee Liao wa kule Wugu, rafiki yake Bosi wa siku nyingi, akaja mara mbili kuzitazama mashine zetu za kukunja bati, akazipigapiga mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe. Bosi Peng akamwambia binti yake mezani, huku akitoa mwiba wa samaki mdomoni: "Nenda na kasha lako kwenye maonyesho ya kompyuta ya mwezi wa sita. Ukirudi na oda ya kweli, mashine zinabaki. Ukirudi na pongezi tu, Liao analeta lori Jumatatu inayofuata."

"Sawa, baba," alisema Jui-chen.

Akaendelea kula. Mimi nilikuwa mezani pale, nikaliweka bakuli langu chini. Si kwa ajili yangu, maana mikono kama yangu haikosi kazi mji huu. Nilimwonea huruma yeye. Msichana anaweka moyo wake wote ndani ya boksi la bati, halafu boksi lenyewe halifungiki.

Nilimwomba milimita mbili. Mbili tu, upande wa nyuma, ili nyaya zangu zipumue.

"Siwezi, Shangazi. Nikiongeza mbili linavuka lita tisa."

"Nani atapima?"

"Wapenzi wa makasha madogo. Wanapima kila kitu. Wanakaa na rula kitandani."

"Hawana wake?"

"Wengine wanao. Wake nao wanapima."

Hakunipa milimita mbili. Na kusema kweli alifanya vizuri, ingawa wakati ule nilikuwa nimekasirika hata nikapanga nyaya huku nikizungumza nazo kwa sauti ili anisikie ghorofani. Alichofanya ni kuigeuza pawa saplai, lile boksi la umeme, ili mdomo wake utazame mazabodi, nyaya zisizunguke mji mzima kabla ya kufika. Akatafuta nyaya fupi, bapa. Kisha akafanya jambo ambalo nililiona upuuzi mtupu: ukingo wa mfuniko, upande wa ndani, akaukunja kidogo ukawa na mteremko, kama mdomo wa bakuli.

"Hili pambo la nini?" nikamuuliza. "Halionekani hata."

"Si pambo. Mfuniko ukishuka, mteremko unazisukuma nyaya ndani. Hauziumi."

"Nyaya zikipangwa na mtu anayejua, haziumwi na kitu."

"Ndiyo, Shangazi. Lakini wewe hutauzwa pamoja na kasha."

Nilizilaza nyaya zangu moja moja, nyembamba chini, nene pembeni, hakuna inayopanda juu ya mwenzake, nikazishika kwa vikanda vya kunata. Mahali pamoja tu nilipaacha wazi, chini ya pawa saplai, pale inapovutia hewa. Pale sikuweka hata uzi. Kisha nikashusha mfuniko, nikausukuma kwa kidole kimoja. Kli! Ukafunga. Jui-chen akanikumbatia nikiwa bado na bisibisi mkononi, nikamwambia aangalie nisimtoboe.

Hapo ndipo Bibi aliposhuka na birika la chai.

Bibi ni mama yake Bosi. Ana miaka sabini na kitu, anatembea polepole lakini anafika kote, na kila asubuhi anaikagua karakana kama mkaguzi wa serikali. Kitu anachokagua ni pakiti za kijani. Wenye mashine wote kwetu wanazijua: vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambavyo jina lake ndilo neno tunalowaambia watoto wadogo, tulia, kuwa mwema. Unaiweka pakiti juu ya mashine, mashine inatulia. Iwe ya kijani, maana ya njano inaichokoza na nyekundu inaizima kabisa. Tarehe yake iwe haijapita. Na mtu asiile. Mwaka jana fundi mmoja alikula ya mashine kubwa, na mashine ikavunjika gia alasiri ile ile. Mimi sisemi aliivunja yeye, nasema ilivunjika.

Bibi alilizunguka kasha, akalitazama juu, akalitazama mbele.

"Zuri," akasema. "Pakiti itakaa wapi?"

"Bibi, hili halina pakiti," alisema Jui-chen.

"Halina?"

"Juu pote ni matundu ya hewa. Mbele litaharibika sura. Wanunuzi watapiga picha."

"Wapige na pakiti yake."

"Bibi, tafadhali. Hii ni bidhaa ya kuuza nje. Watu wa nje hawaelewi."

"Mashine inaelewa," Bibi akasema. "Hao watu wa nje ndio watakaokuwa wanawaka?"

"Hapana, Bibi. Sitaki."

Bibi akamimina chai, akanyamaza. Waliomzoea wanajua kwamba akikubali huguna, akikataa hugomba. Akinyamaza hivi, jambo limeshaamuliwa, ila wewe bado hujaambiwa.

Siku ya kwanza ya maonyesho kule Nangang tulifika ukumbi ukiwa bado unanuka rangi na gundi. Banda letu lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mstari, karibu na vyoo, ndilo tulilolimudu. Meza moja, kitambaa cheupe, skrini moja, na kasha la lita tisa katikati likiwa limewashwa. Bibi alikuja nasi akisema atalinda mikoba. Bosi Peng alisema atakuja baadaye, ana mambo.

"Nendeni mkanywe maziwa ya soya," Bibi akatuambia. "Nyuso zenu zinaogofya wateja. Mimi nipo."

Tukaenda. Tuliporudi na vikombe vyetu na mikate ya kukaanga, Bibi alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, ametulia kupita kawaida. Nilimwona, nikajua kuna kitu. Nikaangalia mikoba, yote ipo. Nikaangalia kasha, limefungwa vizuri, halina alama. Nikajiambia Hsiang, acha kumshuku mzee wa watu.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Wale watu wa rula walikuja kweli, na rula zao. Walipima, wakapiga picha, wakasema "aah" na "ooh," wakachukua peremende zetu, wakaondoka. Jui-chen alikuwa akitabasamu kwao wote, lakini nilimwona akitazama kila kifua kilichopita kusoma kitambulisho. Alikuwa akitafuta neno moja tu, mnunuzi.

Mnunuzi alikuja karibu na saa sita. Jina lake Kuwabara, wa Osaka, mwenye maduka ya kompyuta huko na miji ya jirani. Alisoma Taipei ujanani, kwa hiyo anaongea lugha yetu vizuri, ingawa kwa lafudhi inayopanda na kushuka kama anasimulia kichekesho. Hakupiga picha. Aliinama, akaweka sikio karibu na kasha, akasikiliza.

"Kimya," akasema.

"Hata ikifanya kazi nzito," Jui-chen akajibu, akafungua gemu la mbio za magari, lile linaloikamua mashine kuliko yote. Magari yakaanza kukimbia kwenye skrini.

Bosi Peng alifika wakati huo huo. Alipomwona mnunuzi hakusogea karibu, alisimama nyuma yangu na mikono mgongoni. Nilimsikia akipumua.

"Nafasi ya nyaya nyuma ni kiasi gani?" Kuwabara akauliza.

Jui-chen akamtajia. Kuwabara akainua nyusi.

"Ndogo sana."

"Inatosha. Mfuniko unafungwa kwa—"

Hapo feni zikaanza kulia. Kwanza kwa upole, halafu kama birika la Bibi likisahauliwa jikoni. Jui-chen akanitazama. Nikanyoosha mkono kugusa bati, lilikuwa la moto. Gari la kwanza likapinda kona, na skrini ikawa nyeusi. Kasha likazima kimya, kimya ambacho sitakisahau.

Jui-chen hakulia. Afadhali angelia. Alisimama na tabasamu lake likiwa bado usoni, halijaambiwa kwamba mambo yameharibika. Bosi Peng alitazama viatu vyake. Mimi moyo uliniuma hata nikasahau kuwa na adabu mbele ya mgeni.

"Haiwezekani!" nikasema. "Nililipanga kwa mikono yangu. Mahali pa hewa nimepaacha wazi!"

"Fungua, Shangazi," alisema Jui-chen kwa sauti ndogo.

Nikafungua mfuniko wa nyuma, na nikajua mara moja kwamba mgeni alishaingia nyumba hii. Waya yangu nene, niliyoilaza pembeni, ilikuwa imepita katikati. Kikanda kimoja kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa upya kwa fundo la maua, lile la kufungia zawadi. Na chini ya pawa saplai, pale pa hewa, nikaona kona ya kijani.

Nikaivuta. Ikatoka polepole, bapa, imetobolewa kwa pini ikatolewa hewa yote, imenyonywa na feni hadi ikaziba matundu yote. Ilikuwa ya moto. Chembe chache za mahindi zikadondoka kwenye kitambaa cheupe.

Banda la jirani wakaangua kicheko.

"Bibi!" Jui-chen akasema.

Bibi hakuinuka kitini. "Tarehe yake bado," akasema. "Angalia nyuma. Mwezi wa kumi na moja."

"Bibi, umeziba hewa!"

"Niliitoboa ili isivimbe. Mimi si mjinga. Pakiti ikipata joto inavimba, ingekusukumia mfuniko wako. Nikaona pale chini mmeacha chumba kizima hakina mtu."

"Mama," Bosi Peng akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike, "pakiti iliyotobolewa ina nguvu gani? Si imekufa hiyo?"

"Imekufa wapi? Mahindi yamo!"

"Hewa yake ndiyo—"

"Usinifundishe mimi. Nilikuwa naziweka kabla hujaoa."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mnunuzi pekee wa siku nzima amesimama mbele yetu, na ukoo wa Peng unabishana kuhusu uhai wa vitafunwa. Kuwabara alikuwa ameinama juu ya kasha lililo wazi. Aliigusa ile pakiti kwa ncha ya kidole.

"Naweza kuonja?"

"Hapana!" tulisema wote wanne.

Akarudisha mkono haraka. Kisha akamgeukia Bibi, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Samahani, bibi. Ni wewe uliyefungua hapa asubuhi?"

"Mimi."

"Kwa kifaa gani?"

Bibi akamwonyesha kucha zake.

"Na ulisogeza nyaya hizi zote, ukaweka pakiti, ukafunga tena? Peke yako?"

"Wao walikuwa wanakunywa maziwa."

Kuwabara akasimama wima, akakuna shingo. "Mimi nimeuza makasha madogo miaka mingi," akasema, na sasa alikuwa akimwambia Jui-chen. "Kila mtu ananionyesha jinsi fundi wake alivyopanga nyaya. Nzuri sana, kama picha. Mteja wangu ananunua, anafika nyumbani, anaongeza kitu kimoja, halafu hawezi kufunga. Anasukuma kwa goti. Anakaa juu yake. Jumatatu ananirudishia kasha lina tumbo, ananitukana mimi." Akageuka tena kwa Bibi. "Unaweza kunifanyia tena? Toa nyaya zote. Kisha zirudishe upendavyo wewe, ufunge."

"Nitafanya," Bibi akasema. "Lakini nishikieni kikombe changu."

Mimi nilitaka kufa. Nyaya zangu, nilizozilaza kama vitoto vichanga, Bibi alizitoa kwa viganja viwili kama anatoa matumbo ya samaki. Watu wakaanza kusogea, wale wa banda la jirani, wale wa rula, hata mwenye kufagia akasimama na fagio lake. Bibi akavaa miwani. Akaanza kurudisha, akijisemea mwenyewe: wewe kaa hapa, wewe nenda kule, wewe mnene utakaa wapi, haya kaa juu ya mwenzako.

Juu ya mwenzake! Waya nene juu ya nyembamba, na nyingine inakatisha juu ya zote mbili. Kitu hicho nimewakataza wanafunzi wangu hadi sauti ikanikauka. Nikapiga hatua. Jui-chen akanishika mkono wa shati.

"Mwache."

"Atazibana! Mfuniko hautafunga, mtoto wangu. Nakwambia hautafunga. Niruhusu niisogeze ile moja tu."

"Mwache, Shangazi."

Macho yake hayakutoka kwenye ile waya nene. Nikaelewa kwamba yeye naye hajui kama utafunga, na ameamua hivyo hivyo. Nikabaki pale nilipo.

Bibi akaweka ukingo wa mfuniko mahali pake, akashusha upande wa pili, akasukuma kwa kidole. Ukakwama. Ulisimama nusu ya safari, na kati ya bati na bati niliiona waya nene ikichungulia nje. Bosi Peng alifumba macho kabisa.

"Hm," Bibi akasema. Hakuongeza nguvu. Alisukuma tena, kidole kile kile, polepole, na ule mteremko ambao mimi niliuita pambo ukaifikia waya, ukaipitia juu, ukaitelezesha ndani pamoja na wenzake.

Kli!

Kuwabara akapitisha kiganja juu ya mfuniko, kutoka pembe hadi pembe. Akakipitisha tena. Kisha akawasha mashine mwenyewe, akafungua gemu, akasimama akitazama magari yakikimbia, na sisi tukasimama tukimtazama yeye. Yakamaliza mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Feni zilikuwa zikinong'ona tu. Watu walichoka wakaanza kuondoka, yeye bado yupo.

"Nani amebuni huu mdomo wa ndani?" akauliza mwishowe.

Bosi Peng alikuwa ameshatoa kadi zake za biashara mfukoni, kwa mazoea, maana ndiye mwenye karakana. Akaziangalia, akazirudisha. "Binti yangu," akasema.

Kuwabara akamkabidhi Jui-chen kadi yake kwa mikono miwili, na Jui-chen akaipokea kwa mikono miwili, akainama hadi nywele zikamfunika uso. Mazungumzo yao hayakuwa marefu. Kuwabara alitaka kontena la kwanza kabla ya mwisho wa mwaka, rangi mbili, na kitabu cha maelekezo kisiwe na picha ya nyaya zilizopangwa vizuri. "Wekeni picha ya bibi," akasema. Bibi akasema hatapigwa picha na nywele hizi, arudi kesho.

Alipoondoka hakuna aliyeruka wala kupiga kelele. Tulikaa kwenye sakafu nyuma ya meza, tukafungua vyakula vyetu vya boksi, wali na paja la kuku, vilivyokuwa vimepoa zamani. Bibi akatoa mkobani pakiti mpya ya kijani, nzima, yenye hewa yake, akaiweka mezani kando ya kasha, si juu wala ndani. Akamtazama mjukuu wake. Jui-chen akaisogeza kidogo ili ionekane vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimejaa kicheko na machozi kwa pamoja, nikala paja langu lote hadi mfupa.

Simu ya Bosi Peng ikalia. Alikuwa amesimama, chakula chake hajakigusa, akiitazama ile skrini yenye magari. Akapokea. Sauti ya Mzee Liao ni kubwa hata haihitaji simu, sote tuliisikia ikitoka: anataka kujua lori lije Jumatatu saa ngapi, maana wapakiaji ni wa kukodi na lazima waambiwe leo.

"Ngoja," Bosi Peng akasema. "Mimi siamui tena mambo hayo. Ngoja nikupe bosi."

Akainyoosha simu mbele, ameishika kwa mikono miwili. Jui-chen, akiwa na wali mdomoni, akageuka nyuma kuona bosi gani amefika. Nyuma yake nilikuwa mimi tu na mfupa wangu wa kuku. Akageuka tena. Baba yake alikuwa bado amenyoosha mikono, kichwa amekiinamisha kidogo, vile anavyoinama kwa watu anaowaheshimu.

Akameza. Akajifuta mikono kwenye suruali, akainuka, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mjomba Liao," akasema, lakini Mzee Liao alikuwa bado anahesabu wapakiaji, ikabidi aanze upya. "Shikamoo, mjomba. Ni Jui-chen. Usilete lori, mashine zina kazi."